Mlango uliofungwa haufunguliwi kwa ngumi



Leo tutaongea juu ya boksi, mchezo wa ngumi. Usizime redio, mama. Na wewe mzee, usiseme kwamba kipindi cha amani kimepotea njia. Sikiliza kwanza mpaka mwisho.

Sisi wa inchi hii tunaujua mchezo huo. Tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali na George Foreman walipigana Kinshasa, na dunia nzima ikaangalia. Ali alikuwa ameanza boksi akiwa mtoto wa miaka 12. Mtu tunayemwongelea leo alianza akiwa na miaka 26, na tena ni mwanamke.

Jina lake ni Jane Couch. Alizaliwa mwaka 1968, akakulia Fleetwood, mji wa wavuvi wa samaki kwenye pwani ya Uingereza. Yeye mwenyewe ameeleza wazi maisha ya ujana wake: masomo yalimshinda, pombe ikamkamata, na alipigana barabarani na katika nyumba za pombe. Unamjua mtu wa namna hiyo. Pengine ni mtoto wako. Pengine ni wewe mwenyewe tangu siku ulipoacha shamba lako ukakimbia.

Siku moja aliona katika televizyo habari za wanawake wa Marekani wanaopigana boksi. Akajiuliza: kumbe hata mwanamke anaweza? Akaenda kutafuta mwalimu. Mwaka 1994 alipigana mara ya kwanza ulingoni. Mwaka 1996, mwezi wa tano, alikwenda Copenhagen, inchi ya Denmark, akamshinda Sandra Geiger, Mfaransa, katika raundi kumi, akawa bingwa wa dunia wa uzito wake.

Sasa angalia ajabu hii. Bingwa wa dunia alirudi kwao, na kwao hakuna ruhusa ya kupigana. Baraza la boksi la Uingereza lilikuwa halitoi leseni kwa mwanamke. Sababu mojawapo iliyotolewa ni kwamba siku za mwezi zinamfanya mwanamke asitulie, basi ulingo ni hatari kwake.

Jiulize, ndugu: mtu aliyezoea kupigana barabarani angefanya nini? Mikono yake ilikuwa na nguvu. Hasira ilikuwepo, na haki ilikuwa upande wake. Lakini hakumpiga mtu. Alitafuta avoka, akapeleka shauri mbele ya tribinali ya mambo ya kazi. Akaeleza jambo moja rahisi: hii ni kazi yangu, na ninakatazwa kuifanya kwa sababu tu mimi ni mwanamke. Mwezi wa tatu mwaka 1998, waamuzi walisema ana haki. Chama cha madaktari cha Uingereza kililalamika, lakini hukumu ilibaki. Mwezi wa kumi na moja mwaka huohuo, akiwa na miaka 30, alipigana na Simona Lukic, Mjerumani, katika mtaa wa Streatham mjini London. Hilo lilikuwa pambano la kwanza la wanawake wa kulipwa lililoruhusiwa rasmi Uingereza. Alishinda katika raundi ya pili.

Hatutaki kukudanganya kwamba baada ya hapo kila kitu kilikuwa kizuri. Katika mapambano 39 alishinda 28, akashindwa 11. Aliacha mwaka 2008. Michezo ya Olimpiki ilipokea boksi ya wanawake mwaka 2012 tu, pale London, na yeye alikuwa amekwisha kustaafu. Wasichana waliopita mlango ule kwa wepesi ni wale waliokuja nyuma yake. Heshima yake pia ilikawia: mwaka 2024 ndipo jina lake liliingizwa katika jumba la kimataifa la mashujaa wa boksi, kule Marekani.

Basi habari hii ina maana gani kwetu?

Kwako mama, uliyekimbia na watoto mgongoni, unayesema: nina miaka thelathini au arobaini, wakati wangu wa kujifunza kusoma au kushona umepita. Wazee walisema kutangulia si kufika. Anayeanza nyuma anaweza kufika. Asiyeanza hafiki kamwe.

Kwako kijana mwenye nguvu na hasira: nguvu si dhambi. Jane Couch alipigana barabarani, haikumletea kitu. Nguvu ileile ilipoingia mahali penye sheria, penye mwamuzi, penye kengele ya kuanza na kengele ya kumaliza, ikawa kazi na heshima. Anayekuambia uchukue silaha hakuonyeshi wapi kengele ya kumaliza.

Kwako chifu na mzee wa baraza: wale waliomkatalia hawakuwa watu wabaya wote. Wengine walifikiri wanamlinda. Lakini kumlinda mtu bila kumuuliza ni kumfunga. Katika kambi yako, wakati wa kugawa chakula au kuamua shauri la shamba, wamama wameketi wapi? Mbele pamoja nawe, ama nje wakingoja kuambiwa? Tena ujue hili: mtu aliyeonewa huenda kwa mwamuzi kama anajua mwamuzi atamsikiliza. Akijua hatasikilizwa, atatafuta panga. Baraza la haki linazuia vita kuliko askari wengi.

Leo jioni, kando ya moto, ulizaneni maswali haya mawili. Ni mlango gani tumemfungia mtu hapa kwetu bila sababu ya kweli? Na ni nani kati yetu anayengoja tu neno moja, «anza», ili aanze?

Mkae na amani, na masikilizano yawe nanyi.