Saa Badala ya Maumivu

Wiki iliyopita, kabla ya jua kuchomoza, nilikuwa stendi ya mabasi nikamwona kijana ambaye miguu yake haimtumikii tena. Wapiga debe wanne walimnyanyua kutoka katika kiti chake cha magurudumu, huyu kamshika kwapa, yule kamkamata suruali, wakamwingiza ndani ya basi kwa moyo mwema kabisa na bila ya kumwuliza neno; na mto wake wa kukalia, uliokuwa na thamani kuliko shehena yote aliyochukua, ukafungiwa kwenye buti pamoja na kiti.

Mto huo haujanitoka moyoni mpaka leo.

Aliyeumia mshipa mkuu wa fahamu upitao ndani ya uti wa mgongo, ama kwa ajali ya pikipiki, ama kwa kuanguka kutoka mtini, aghalabu hupotewa na nguvu za miguu pamoja na hisi, na zikiondoka hisi huondoka na maumivu, ambayo sote twayachukia ilhali ndiyo mlinzi wetu. Mimi na wewe tukikaa garini muda mrefu, mwili hutushtua, tukajigeuza huku na huku hata bila ya kutambua. Yeye hubaki palepale, mfupa ukikandamiza nyama na damu ikazuilika, hata ngozi ikafa kimyakimya, na kidonda kilichoanza kwa safari ya siku moja kikachukua miezi kupona, na pengine kikamwua. Maadamu maumivu hayamwamshi, hana budi kuamshwa na saa: kila robo saa, au isizidi nusu saa, ajiinue kwa mikono, au ainame mbele na kuegemea upande kwa dakika moja au mbili, damu ipate njia. Asiyeweza, msaidizi wake amwinamishe.

Elimu hii si ya kale sana. Tarehe 1 Februari 1944, katika hospitali ya Stoke Mandeville huko Uingereza, tabibu Ludwig Guttmann, aliyekuwa amekimbia dhuluma ya Ujerumani, alifungua wadi ya watu walioumia namna hii, ambao kabla ya hapo wengi wao walikufa kwa vidonda na kwa maradhi ya njia ya mkojo. Dawa ya kuunganisha mshipa uliokatika hakuwa nayo, na hata leo haijapatikana. Aliamrisha tu wagonjwa wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na mkojo wao uangaliwe kwa hadhari, nao wakaishi. Sasa, mgonjwa akisafiri kutoka hapa Singida kwenda Taasisi ya Mifupa ya MOI, Dar es Salaam, hukaa ndani ya basi karibu kilomita 700. Basi hilo ni kitanda gani ambacho mgonjwa atalazwa siku nzima asigeuzwe?

Kwa hiyo mto, unaompunguzia mkandamizo huo, usiende kwenye buti. Utangulie kitini, mwenyewe afuate. Na akiweza kuikata safari Dodoma, alale, kisha ashike treni ya umeme iliyoanza kuchukua abiria kati ya mji huo na Dar es Salaam mwaka 2024, atakuwa ameuhurumia mwili wake.

Liko na jambo la maji, ambalo watu hulionea haya. Msafiri huyu ajua kwamba basi likisimama porini, wenzake watashuka kuchimba dawa na kurudi kwa dakika tano, naye hatashuka. Hivyo hukata shauri asinywe maji tangu jana yake. Namwelewa, lakini anajidhuru, maana mkojo mzito huzaa maambukizo na huziba mpira wa kutolea mkojo. Anywe kwa kiasi alichozoea. Anayetumia mpira wa kuingiza na kutoa asipitishe zile saa nne hadi sita alizoelekezwa, na mwenye mfuko aumwage kabla haujajaa, akitazama mpira usijikunje wala kukaliwa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ipo, lakini vyoo bado. Choo cha njiani ambacho kiti cha magurudumu kinapita mlangoni ni nadra kukiona, na hili ni deni letu sote kwa wenzetu.

Ambaye jeraha lake liko usawa wa kifua au juu zaidi ana hatari nyingine, ambayo kondakta naye yafaa aijue. Ghafla kichwa humgonga vikali, jasho likamtoka usoni, presha ikapanda. Nayo mara nyingi ni kibofu kilichojaa kinachopiga kelele kwa njia hiyo. Msimlaze! Akae wima, mkanda na viatu vilegezwe, mpira ufunguliwe. Na hali isipotulia upesi, gari liende hospitali iliyo karibu. Mtu huyuhuyu hana nguvu za misuli ya kiwiliwili za kumshikilia, na dereva akifunga breki pale barabara inaposhuka kutoka Manyoni kuelekea Bahi, ataanguka kifudifudi asipofungwa mkanda wa kifuani.

Tena moto. Asiketi karibu na injini, na yule kuku wetu wa kienyeji anayenunuliwa dirishani angali anafuka moshi, asiwekwe mapajani mwake hata kwa dakika moja, maana ataungua asijue.

Nanyi vijana wa stendi, wenye nguvu na huruma, mwulizeni kwanza: “Kaka, tukushikeje?” Yeye ndiye aujuaye mwili wake. Atawaambia mmoja apite nyuma, amkumbatie chini ya kwapa na kumshika mikono iliyokunjwa kifuani, mwingine ashike chini ya magoti, mnyanyue kwa pamoja, wala asiburuzwe, kwa kuwa kuburuzwa huchubua ngozi isiyosema.

Akifika usiku, avue nguo, achukue kioo, ama amwombe ndugu amtazame makalio, nyonga na visigino. Kwenye ngozi yetu nyeusi msitafute wekundu. Tafuteni weusi uliozidi, au joto, au ugumu wa pahala pamoja. Alama hiyo ikibaki baada ya nusu saa, asiikalie tena mpaka iondoke, na safari ya kesho iahirishwe, hata kama tiketi imekwisha kukatwa.