Jina Moja kwa Wote



Injili ya Mathayo, sura ya 13, yatuambia jinsi watumishi walivyotaka kuyang'oa magugu, mwenye shamba akawazuia. Hakuwazuia kwa kuwa magugu hayana ubaya. Magugu machanga hufanana mno na ngano, naye hakuyaamini macho ya watu wenye haraka.

Hata mabingwa wa elimu ya bahari wamelipitia jambo hilo. Katika bahari za joto, mtu huweza kula samaki aliyevuliwa asubuhi hiyo hiyo, kisha akatapika, midomo ikafa ganzi, na maji baridi yakamchoma mikononi kama moto. Ugonjwa huo huitwa siguatera. Sumu yake haina harufu wala ladha, na kupika hakuiondoi. Hutoka kwa vijimea vidogo mno, vikaavyo juu ya mwani, matumbawe yaliyokufa na mchanga wa miamba. Samaki walao mwani huvimeza, chewa huwala samaki hao, nasi twamla chewa.

Mwaka 1979 wataalamu wawili wa Kijapani, Adachi na Fukuyo, walikiita kijimea hicho Gambierdiscus toxicus, kwa kufuata visiwa vya Gambier katika Polynesia ya Ufaransa. Kwa miaka 16 jina hilo moja lilibeba lawama yote. Mwaka 1995 Maria Faust, wa taasisi ya Smithsonian ya Marekani, alitangaza alichokiona kwa hadubini ya elektroni katika mchanga wa miamba ya Belize, Amerika ya Kati: kijimea chenye gamba lililojaa vishimo, ambapo gamba la kile cha kwanza ni laini. Akakipa jina lake chenyewe, Gambierdiscus belizeanus. (Majina haya ni magumu mdomoni, mnivumilie.) Mwaka 1999 zikaongezwa aina tatu kutoka Pasifiki, na leo zijulikanazo zimepita 15. Hata ile sampuli ya kwanza, wataalamu waliona baadaye kuwa yaelekea ilichanganya aina zaidi ya moja.

Je, sumu ilikuwa uzushi? Hasha! Mmoja wa wale watatu, Gambierdiscus polynesiensis, hutoa sumu kali. Wengine hutoa kidogo mno.

Nasi twasema, tena mlangoni mwa kanisa: ukoo ule ni wachawi, vijana wa kijiwe kile ni wezi. Huenda mmoja ameiba kweli. Lakini mwenzake, ambaye hatujui hata jina lake la ubatizo, ananyimwa kibarua. Na katika nchi yetu ya Tanzania wameuawa vikongwe kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni walizotupikia.

Basi makatekista, jumuiya zikutanapo wiki hii na mtu akatajwa kwa ubaya, mwulizeni msemaji: umefika nyumbani kwake lini?