Vidonge vya kila siku



Mwenzetu mmoja, tuliyerudi naye Baraka kutoka kambi ya Nyarugusu, alibanwa kifua akiwa shambani. Maumivu yakashuka mkono wa kushoto, jasho baridi likamtoka. Kuna waliosema amerogwa. Sisi tukampandisha pikipiki, mtu nyuma akimushikilia, mpaka hospitali. Tansiyo ilikuwa 190 kwa 110.

Kumupeleka ilikuwa kazi ya siku moja. Kazi yenyewe ilianza aliporudi nyumbani. Wiki ya tatu alijisikia muzima, akataka kuacha vidonge: "Siumwi tena, nipoteze pesa ya nini?" Lakini munganga alishatueleza: tansiyo haiumi, na dawa ikikatwa inapanda tena kimya kimya. Basi tukapanga zamu. Kila jioni mmoja wetu anapita, anaketi, anamuona akimeza. Wengine wanalima muhogo wake. Chumvi mke wake amepunguza, na hapo ndipo ugomvi uko, kwa sababu huyu mutu anapenda samaki wa chumvi kupita kiasi! Usiku woga ukimurudia, tunabaki naye, tunakumbushana mambo ya kambini mpaka anacheka.

Sanduku la chama limelipa pikipiki na vipimo. Ila kanuni yetu inasaidia mgonjwa mara moja tu, na vidonge hivi ni vya kila mwezi, pengine maisha yote. Tunaomba mkutano huu uibadili. Alivyo navyo vinaisha Jumamosi.