Mmea wa Uchina na Homa ya Malaria

Wasikilizaji wetu wa Kondoa, wa bondeni na wa vilima vya Irangi, mvua zikaribiapo kwisha mwezi wa Aprili, mbu huzidi na homa huingia nyumbani. Kwa hiyo leo nasema nanyi habari za mmea uliookoa roho nyingi, nao waweza kumponza mtu asiyejua kuutumia.

Wachina huuita qinghao, na wataalamu huuita Artemisia. Hukua kupita kimo cha mtu. Majani yake yamechanika kama ya karoti, maua ni madogo ya manjano, na harufu ni kali. Katika karne ya 4 tabibu Ge Hong aliandika kwamba mwenye homa ya vipindi aloweke konzi ya mmea huo katika maji, aukamue na kunywa. Hakusema uchemshwe. Mwaka 1971 Bibi Tu Youyou alipoyatafakari maneno hayo, alitambua kuwa moto huenda ukaharibu nguvu yake. Akaitoa dawa kwa njia isiyo ya joto kali, ikafaa. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Katika dawa hiyo ndimo ilimotoka dawa mseto ya zahanati zetu.

Kuupanda kwataka uangalifu. Mbegu ni ndogo kama vumbi; huchanganywa na mchanga mkavu, hunyunyizwa juu ya kitalu wala hazifukiwi, kwa maana zahitaji mwanga. Miche ifikapo kimo cha shibiri huhamishwa shambani, hatua moja baina ya mche na mche. Mmea huu huchanua siku zinapokuwa fupi. Na kwetu, karibu na Ikweta, mchana hauwi mrefu kama wa Uchina wakati wa kiangazi. Basi mbegu ya kawaida huchanua mapema, ikiwa na majani machache. Hapana budi kutafuta mbegu ichelewayo kuchanua. Majani huvunwa maua yanapokaribia, yakakaushwa kivulini.

Je, mwenye shamba anywe chai yake apone? La. Kikombe kimoja chaweza kuwa na dawa ya kutosha, cha pili kikawa nayo haba. Dawa haba haiui vijidudu vyote, na visaliavyo huzoea kuistahimili. Dalili za usugu huo zimekwisha kuonekana Rwanda na mkoani Kagera. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba halikubali majani hayo kuwa tiba ya malaria. Tena pakanga yetu, ingawa ni ndugu yake, haina dawa ile, au inayo chembe tu.

Basi, mama, mtoto akishikwa na homa usingoje birika lichemke. Mpeleke zahanati siku ile ile apimwe damu. Akipewa dawa mseto, ameze mara mbili kwa siku, siku 3, pamoja na chakula, hata kama siku ya pili anacheza uwanjani.