Mboga za Kiangazi



Hapa Iringa masika yamekwisha. Mchicha wa shambani umekauka. Je, watoto wetu wale ugali mtupu mpaka mvua za mwisho wa mwaka? Hapana!

Wengi wetu tunakimbilia vinyungu bondeni. Lakini Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mto ukikauka, tutakunywa nini?

Basi tulime nyumbani. Tujaze gunia udongo na samadi iliyooza. Katikati tuweke kokoto kama nguzo, maji yapate kupenya hadi chini. Tutoboe matundu ubavuni, tupande sukuma wiki. Juu tupande mchicha. Tumwagilie jioni kwa maji tuliyooshea mboga. Baada ya wiki nne hivi, mchicha tutachuma.

Gunia mnalo. Tuanze leo.