Safari za Siku Moja kwa Mgeni wa Ufukwe wa Ziwa: Hali ya Bukoba na Muleba

Utalii wa michezo ya majini, yaani ule ambao mgeni huchagua pa kwenda kwa kufuata upepo na mawimbi, una tabia moja ambayo waandaaji wa safari huisahau mara nyingi, nayo ni kwamba maji hayamshughulishi mgeni kutwa nzima. Huko Paje, Unguja, ambako wageni huteleza juu ya maji kwa ubao unaovutwa na tiara, kaskazi au kusi isiposhika hakuna la kufanya ila kungoja. Mada hii inaangalia mgeni wa aina hiyo anapofika Bukoba, na inashikilia kwamba saa zake za nchi kavu zipangwe kwa kufuata mvua na upepo wa ziwa, si kwa kufuata orodha ya vivutio.

Ni vyema kwanza kukiri kisichokuwepo. Mawimbi ya bahari yanayopandwa kwa ubao huwa yamesafiri mbali sana kabla ya kuvunjika pwani, ilhali Ziwa Victoria, pamoja na ukubwa wake wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, hutegemea upepo wa karibu tu, hivyo mawimbi yake ni mafupi na hufuatana upesi. Anayeitangaza Bukoba kama mahali pa kupanda mawimbi anauza asichokuwa nacho. Kinachopatikana ni mchanga, kasia na tanga, pamoja na kuogelea kwa tahadhari, kwa kuwa maji yaliyotulia penye majani huhifadhi konokono wanaoeneza kichocho.

Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji na upepo huvuma kutoka ziwani. Usiku hali hugeuka, mawingu hujikusanya juu ya ziwa, kisha husukumwa kuelekea mwambao wa magharibi. Ndiyo maana Bukoba, ambayo hupata mvua ya takribani milimita 2,000 kwa mwaka, hunyeshewa sana alfajiri na asubuhi. Ratiba iliyonakiliwa kutoka pwani ya Bahari ya Hindi, yenye kutanguliza boti alfajiri, hapa huweza kumloanisha mgeni bure wakati wa masika na vuli, na hufaa zaidi Juni hadi Agosti, miezi ambayo mvua hupungua.

Asubuhi kavu ya namna hiyo ndiyo ya kwenda Musira, kisiwa chenye miamba kinachotazamana na mji, ambako wakama, yaani watawala wa Wahaya, waliwapeleka watu waliohukumiwa, na ambako leo kuna kijiji cha wavuvi. Jaketi okozi kwa kila abiria na idadi isiyozidi uwezo wa chombo si masharti ya kujadiliwa, hasa katika mkoa uliopoteza mamia ya watu MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996.

Safari yenye uzito kuliko zote, kwa maoni ya mada hii, ni ile fupi ya Katuruka, katika eneo la Maruku kusini mwa mji. Simulizi za wazee ziliuhusisha mti mmoja wa tambiko hapo na mkama Rugomora Mahe, aliyesemwa kuwa alitaka kujenga mnara wa chuma kufika mbinguni, na mwanaakiolojia Mmarekani Peter Schmidt, aliyeanza utafiti wake mwaka 1969, alizifuata simulizi hizo hadi kwenye mabaki ya kazi ya chuma ya zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Mwaka 1978 Schmidt na Donald Avery walieleza katika jarida la Science kwamba mirija ya udongo iliyopeleka hewa kutoka kwenye mivukuto iliingizwa ndani kabisa ya tanuru, hivyo hewa ilipata moto kabla ya kufikia makaa. Baadhi ya wataalamu wa metali waliipinga hoja hiyo, na mwongozaji mzuri angeyaeleza mabishano hayo pia badala ya kumpa mgeni sifa tupu. Waongozaji wa kiwango hicho ni haba, na sababu mojawapo ni UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini walipatikana mwaka 1983 katika Hospitali ya Ndolage, Muleba, na katika miaka iliyofuata Kagera ilizika wengi waliopaswa kurithi simulizi za namna hii na kuzisimulia.

Kutoka Katuruka mgeni haendi mbali kukiona kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba. Hapo rubisi, pombe ya ndizi, hutengenezwa mbele ya macho yake: ndizi zilizoiva hukanyagwa pamoja na nyasi ndani ya chombo cha gogo lililochongwa mfano wa mtumbwi, majimaji huchujwa, unga wa mtama uliokaangwa huongezwa, kisha hufunikwa kwa majani ya mgomba hadi kesho yake. Mgeni hukaribishwa kwa kahawa ya kutafuna, ambayo huchemshwa ikiwa na maganda yake pamoja na majani yenye harufu nzuri na kuanikwa juani. Akifika Novemba hukuta pia senene, yaani panzi wanaoliwa, ambao zamani wanawake waliwakusanya na kuwanyonyoa mabawa bila kuruhusiwa kuwala, jambo ambalo halina sababu ya kufichwa.

Muleba inahitaji siku nzima. Barabara hupita Kemondo, bandari ya meli za Mwanza, kabla ya kupanda Kamachumu, uwanda wa juu wenye kahawa nyingi na hewa ya baridi. Huko ndiko iliko Rutabo, jimbo alilopewa Laurean Rugambwa mwaka 1953, miaka saba kabla ya kuwa kardinali wa kwanza Mwafrika; kaburi lake limo katika kanisa kuu la Bukoba. Bumbire na visiwa vingine vya Muleba haviwezekani kwa siku moja bila kukimbizana na giza, sawa na Hifadhi ya Burigi-Chato. Vivutio vya mjini, kama jengo la Duka Kubwa la enzi za Wajerumani na kumbukumbu za shambulio la Waingereza la Juni 1915 lililobomoa kituo cha simu ya upepo, vinatosha kwa jioni moja ya upepo mkali.

Linabaki suala la malipo. Kibanja ni nyumbani kwa watu, na makaburi ya wazazi wao yamo humo humo. Kwa hiyo mwenye kibanja ndiye apange siku na saa ya kupokea wageni, aonyeshe mahali pasipopigwa picha, na alipwe mkononi kabla ya msafara kuondoka, si mwisho wa mwezi kupitia kwa dalali wa mjini.