Mgeni ni nani? Kazi, uraia na hatari ya kufukuzwa

Hotuba kwa wajumbe wa kamati za amani za Hombo na vijiji vya Masisi na Walikale



Tumeombwa kusema juu ya mtu anayefanya kazi katika nchi isiyo yake, na hatari ya kukamatwa na kurudishwa kwa nguvu. Wengine watafikiri tunazungumzia vijana wetu walioko Afrika Kusini au Ulaya. Hao nao wapo, na tunawaombea mema. Lakini hapa Hombo hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Mto wetu unatenganisha Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini, na siku ya soko hukutana hapa Watembo, Wanyanga, Wahunde, Warega, Washi na Wahutu. Vita vinapokaribia, swali huwa lile lile: "Huyu ni wa hapa, au ametoka wapi?"

Swali hilo limeua watu wengi. Tunataka kuonyesha leo kwamba lilianzia kwenye kazi, likavurugwa na sheria, na kwamba jibu lake haliwezi kuwa kufukuza watu kwa jumla.

Kwanza, kazi ilitangulia

Mwaka 1937 serikali ya Wabelgiji iliunda idara iliyoitwa MIB, yaani Ujumbe wa Uhamiaji wa Wanyarwanda. Kazi yake ilikuwa kutoa watu Rwanda, ambako ardhi ilikuwa finyu na njaa ilipiga mara kwa mara, na kuwaleta Masisi. Wazungu wenye mashamba makubwa walitaka mikono ya kulima. Mpaka idara hiyo ilipofungwa mwaka 1955, watu wapatao 85,000 walikuwa wameletwa.

Hawakuja kwa kujificha. Waliandikwa, wakasafirishwa, wakaonyeshwa mahali pa kukaa na serikali iliyokuwa ikitawala nchi zote mbili. Lakini wenyeji nao hawakuulizwa inavyostahili. Wahunde waliona ardhi ya mababu ikigawiwa, na huko Gishari wageni wakapewa utawala wao wenyewe hadi ulipofutwa mwaka 1957. Kwa hiyo Mhunde au Mnyanga anaposema anaogopa kupoteza ardhi yake, tusimwite mkabila. Hofu yake ina historia. Na aliyeletwa kulima, akazaa na kuzika hapa, naye tusimwite mvamizi. Wote wawili waliamuliwa mambo na watu wengine.

Pili, sheria ilibadilika juu ya vichwa vyao

Tumfikirie mtu mmoja aliyeletwa Masisi mwaka 1938 akiwa mtoto. Katiba ya 1964 ilimtambua kuwa raia yule tu ambaye mmoja wa wazazi wake wa kale alikuwa wa kabila lililokuwa Kongo kabla ya tarehe 18 Oktoba 1908. Mtu wetu hakuwamo. Sheria ya 5 Januari 1972 ikasema kwamba waliotoka Ruanda-Urundi na kukaa Kivu kabla ya 1 Januari 1950 ni raia tangu siku ya uhuru. Mtu wetu akawa Mzairwa. Sheria ya 29 Juni 1981 ikafuta jambo hilo na kurudi nyuma hadi mwaka 1885. Mtu wetu akawa mgeni tena, akiwa na wajukuu. Halafu sheria ya 12 Novemba 2004 ikaweka kipimo kingine: raia wa asili ni mtu wa makabila ambayo watu wao na ardhi yao vilikuwa sehemu ya Kongo wakati wa uhuru.

Muda wote huo hakuhama hata kilima kimoja. Alilima shamba lile lile. Ni karatasi za Kinshasa zilizokuwa zikibadilika, na kila zilipobadilika, jirani yake aliona nafasi au aliona hatari.

Tatu, kufukuza kwa jumla hakujaleta amani

Tukumbuke. Machi 1993 mauaji yalianza katika soko la Ntoto, hapa Walikale, yakaenea Masisi. Maelfu walikufa, na watu wapatao 250,000 walikimbia makwao, Wahutu, Watutsi, Wahunde na Wanyanga. Tarehe 28 Aprili 1995 bunge la mpito la Zaire lilipitisha azimio la kuwahesabu waliohamishwa zamani pamoja na wakimbizi wapya, ili wote warudishwe. Agosti mwaka ule jeshi liliwavusha mpaka kwa nguvu wakimbizi wapatao 15,000 katika siku chache, na makumi ya maelfu wakakimbia kambi kwenda milimani. Oktoba 1996 naibu gavana wa Kivu ya Kusini aliwapa Wanyamulenge wiki moja waondoke. Vita vilikuwa vimeandaliwa tayari kwa sababu nyingine pia, lakini amri ile iliviwashia moto.

Na si mambo ya zamani tu. Mei 2025, baada ya M23 kuuteka Goma Januari, watu walivushwa mpaka kupelekwa Rwanda. Shirika la Human Rights Watch liliripoti mwezi Juni kwamba walikuwa zaidi ya 1,500. Karte za Kongo walizokuwa nazo baadhi yao ziliitwa za uongo, zikachomwa moto. Ndugu zetu, tuangalie: jana waliofukuza walikuwa hawa, leo ni wale. Panga hili hubadilisha mkono.

Nne, sheria inasema nini

Tunawasihi msiwachanganye watu wa aina tatu. Wa kwanza ni raia, na raia hafukuzwi katika nchi yake. Wa pili ni mkimbizi. Sheria ya 16 Oktoba 2002 inamlinda, na harudishwi mahali ambapo maisha yake yamo hatarini. Wa tatu ni mgeni wa kawaida, aliyekuja kutafuta kazi au biashara. Huyu serikali yaweza kumwondoa, lakini kwa uamuzi ulioandikwa, wenye sababu, unaomhusu yeye peke yake. Hati ya Afrika ya Haki za Binadamu, katika kifungu cha 12, inakataza kufukuza kwa jumla watu wa taifa, kabila au dini fulani. Kongo imeitia sahihi.

Wapo pia waliozaliwa hapa na wazazi wakimbizi wa 1994. Leo ni watu wazima. Wengi wanalima mashamba ya wengine, wanachoma makala, wanabeba mizigo. Sheria ya 2004 inampa mtoto wa mgeni aliyezaliwa Kongo njia ya kuomba uraia kwa maandishi akifikisha miaka 18, ikiwa anakaa hapa daima. Wachache wanaijua njia hiyo. Badala yake hununua karatasi, na siku ya shida karatasi hiyo huwa ndiyo ushahidi wa kuwashitaki.

Tano, tufanye nini

Tuandikishe watoto. Sheria ya familia, tangu iliporekebishwa mwaka 2016, inatoa siku 90 tangu kuzaliwa. Zikipita, ni lazima kupitia mahakama, na njia huwa ndefu na ya gharama.

Tusitegemee karte ya mpiga kura peke yake. Imetumika kama kitambulisho, lakini hati inayothibitisha uraia ni ile ya Wizara ya Sheria.

Viongozi wa lokaliti wasiuze hati za ukaaji. Hati moja ya uongo huwatia shaka watu mia wenye hati za kweli, na huwapa wenyeji sababu ya kuogopa kwamba wananyang'anywa kura na ardhi.

Wenye mashamba wamlipe mtu kazi yake. Tumesikia mfanyakazi akidai mshahara na kuambiwa: "Ukirudia, nitasema wewe ni FDLR." Neno hilo laweza kumuua mtu, na anayelisema anakwepa deni tu. Kamati zetu zipokee malalamiko ya namna hiyo kama zinavyopokea ya mipaka ya mashamba.

Na mtu akituhumiwa, aulizwe yeye, kwa jina lake na kwa tendo lake. Mwenye silaha aliyeua ahukumiwe kwa kuua. Asihukumiwe kwa lugha ya mama yake, wala jirani yake asihukumiwe kwa ajili yake.

Hatusemi kwamba hakuna wageni. Wapo, na nchi ina haki ya kuwajua. Tunasema kwamba kumjua mtu ni kazi ya daftari, mahakama na mashahidi, na kazi hiyo haiwezi kufanywa na vijana wenye silaha kwenye kizuizi cha barabara. Mkirudi vijijini, anzeni na daftari la watoto waliozaliwa mwaka huu. Ni kazi ndogo, na kila kamati iliyo hapa inaiweza.